Barua Iliyofika Siku ya Arobaini

Siku ya arobaini ya binti yangu, dua imekwisha na sahani za pilau ndiyo zinaanza kupita, simu zililia chini ya turubai. Si simu moja. Ililia ya mwalimu mstaafu aliyekaa karibu na mlango, ikafuata ya muuguzi, ikafuata ya katibu wa kamati, kama watu waliopeana zamu. Nikaona mmoja anaitoa yake mfukoni, anaitazama, anairudisha haraka kama aliyeshika kaa la moto. Wa pili naye hivyo hivyo. Kisha wakaanza kunitazama mimi.

Nilikuwa nimekaa kwenye jamvi, mguu wangu ulioumizwa na gogo nimeunyoosha mbele. Sikuelewa. Nilidhani wameletewa taarifa ya msiba mwingine.

Aliyenijia ni mkwe wangu, mume wa marehemu. Akainama mpaka usawa wa sikio langu.

"Shikamoo baba."

Asubuhi tulikuwa tumeshasalimiana. Mtu akikuamkia mara mbili siku moja, ujue ana jambo zito mdomoni.

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba tuongee pembeni kidogo."

Tukasimama nyuma ya nyumba, upande wa banda la kuku. Akanipa simu yake. Kwenye kioo palikuwa na barua pepe, na ndani yake nilimwona mwanangu amevaa shela, miguu imezama kwenye tope la Magomeni, mwavuli umegeuzwa na upepo, anacheka mpaka jino la nyuma linaonekana. Picha ile niliipiga mimi mwenyewe siku ya harusi yake. Juu yake paliandikwa kwa herufi nene: Mvua inyeshe, jua liwake, siku yako tutafika. Chini palikuwa na jina lake kamili, kama yeye ndiye aliyekaa akaandika.

"Baba," akasema mkwe wangu, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa, "ina maana bado mnaifanyia biashara picha ya mke wangu?"

Kabla sijajibu tulisikia kelele ndani. Haikuwa kilio cha msiba, maana kilio cha msiba sote tulikuwa tumeshakizoea. Mke wangu alitoka mlango wa uani bila mtandio, ameishika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa. Barua ile ilikuwa imefika kwake pia. Ila ya kwake ilianza na maneno mengine. Ilianza: Shikamoo Mama.

"Ameniamkia," alisema. "Mtoto ameniamkia."

Wanawake wakamshika, wakamrudisha ndani.

Mimi nimeingia kwenye maji yaliyomchukua mwanangu nikatoka hai. Watu wanadhani kule majini ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Hapana. Kubaya zaidi ilikuwa saa ile nyuma ya banda la kuku, mkwe wangu ananitazama akingoja jibu na mimi sina. Sasa ninalo, ndiyo maana naandika. Niliishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito kwenye kalamu, lakini jambo lile halikufanywa na shetani. Lilifanywa na watu, na watu hao wapo, wanakula wanashiba. Majina yao siyaandiki kwa sababu mke wangu amenizuia. Wenyewe watajijua.

Nirudi nyuma.

Baba yangu alikuja Kilosa kukata mkonge, na mimi utotoni niliugusa mkonge kabla sijaugusa mpira. Nilipokimbia mkonge nikaangukia studio ya picha pale Magomeni ya hapahapa Kilosa, enzi za kusafisha picha gizani kwa dawa. Unatumbukiza karatasi kwenye beseni, unaitikisa, sura ya mtu inakuja polepole kama inatoka kwenye maji. Nilikuwa naifanya kazi ile kwa vidole vitupu. Mkonge ulianza kuvila vidole vyangu, dawa ikamalizia. Leo ukinigandamiza kwenye kile kimashine cha kusajilia laini, hakisomi kitu. Msichana wa laini alijaribu dole gumba, akajaribu vyote kumi, akaniambia, "Baba, wewe mashine inasema haupo."

Tulicheka siku ile. Binti yangu alikuwa pembeni, akatoa kitambulisho chake, akaweka kidole chake, na laini ya kazi ikasajiliwa kwa jina lake. Simu ya kazi akawa anakaa nayo yeye. Lishikeni jambo hili la vidole, litarudi.

Yeye alisoma mpaka kidato cha nne. Alipoolewa, mumewe alikuwa anafundisha Malolo, akawa anakwenda huko mwisho wa juma, siku za kazi anabaki kwetu Mabwerebwere na kushinda na mimi studio. Harusi tulikwenda wawili. Mimi kamera ya picha za mnato, yeye ya video. Mimi sijui kuwapanga wakwe, nawaogopa. Yeye alikuwa anamwambia mama mkwe wa mtu mwenye sura ya hakimu, "Mama, hapo ukitabasamu kidogo tu unakuwa dada wa bibi harusi," na yule mama anatabasamu.

Kazi tuliipata kwa njia ya zamani. Ukisikia mahari imelipwa mahali, unasubiri kikao cha kamati, unakwenda na albamu yako kwapani. Unawaamkia wazee mmoja mmoja. Unakaa nyuma, unakunywa soda, hujisemei. Wakifika kwenye kipengele cha picha, mwenyekiti anauliza, "Na yule fundi aliyekaa pale ni wa nini?" Ndipo unasimama. Ni kazi ya kuvumilia, na vikao vinachosha, lakini mtu alikuwa anakuajiri amekuona uso. Anaijua nyumba yako. Mvua ikikuzuia anajua ni mvua, kwa sababu na yeye imemnyeshea.

Ndipo likaja jambo la semina.

Ilikuwa Mikumi, kwenye ukumbi wa loji moja kando ya barabara kuu. Waliitwa wapiga picha, wapambaji, na wapishi. Mwalimu wa semina alitoka Morogoro, kijana wa kama miaka thelathini, viatu vinang'aa, kompyuta nyembamba kama sahani. Huyu ndiye wa kwanza ninayemtaja. Kijana uliyekaa meza ya mbele na kutuambia wewe ni mtaalamu wa masoko, ni wewe.

Alitusalimia vizuri. "Shikamooni wazee wangu." Tukaitikia. Kisha akasema, "Wazee wangu, mteja wa leo hatafutwi kwenye kikao. Anatafutwa kwenye simu yake, akiwa kitandani kwake amelala."

Mpiga picha mmoja wa palepale Mikumi, jamaa mnene mwenye maneno, akasema kwa sauti, "Na mumewe akiniona humo kitandani?"

Ukumbi mzima ukacheka. Binti yangu alicheka mpaka akanilalia begani. Huyo jamaa mnene muwekeni akilini. Alikuwa amekaa benchi moja na sisi, na mchana aliomba chaja ya binti yangu, akapewa.

Kijana akatufundisha habari ya barua pepe. Kwamba kila mwenye simu ya kupangusa anayo anwani, hata kama mwenyewe hajui. Kwamba unakusanya anwani za watu, unaziweka kwenye mtambo, unaandika barua moja yenye picha nzuri, na mtambo unampelekea kila mtu ya kwake kwa jina lake kana kwamba umemwandikia yeye peke yake. Na kwamba huandiki mara moja. Unapanga mlolongo. Barua ya kwanza leo, ya pili baada ya wiki kadhaa, ya tatu baadaye, na wewe umelala, mtambo unafanya kazi.

"Mtambo hauchoki," alisema. "Hata wewe ukiwa haupo, wenyewe upo."

Alisema hivyo, nami nilisikia kwa masikio haya.

Mimi sikupenda. Nilimwambia binti yangu kwa kificho kwamba barua ya kumwandikia mtu usiyemwamkia ni utovu wa adabu. Akaniambia, "Baba, hiyo adabu tutaiandika humohumo." Na kweli, wakati wa kujaza majina ya kuanzia, kijana alisema anzeni na watu mnaowafahamu. Binti yangu akafungua daftari la kamati ya harusi yake mwenyewe. Wote waliomchangia walikuwemo, na namba zao, na wengi aliwaomba anwani palepale kwa simu. Wazee wote aliwaandika kwa shikamoo. Mtambo ulitaka jina la mpokeaji tu, yeye akaandika Shikamoo Mwalimu, Shikamoo Baba Mkwe, Shikamoo Mama. Kijana akacheka akasema hajawahi kuona mtu anauamkisha mtambo.

Kisha akauliza, "Nyinyi wa Kilosa mna nini ambacho mpiga picha wa Dar hana?"

Binti yangu akafikiri. "Tunazijua barabara za huku."

"Safi. Basi ahadi yenu ni hii." Akaandika huku anasema. "Mvua inyeshe, jua liwake, siku yako tutafika."

Nikanyoosha mkono. Nikamwambia, "Kijana wangu, mvua ya huku unaijua? Masika hapa maji yanaingia mpaka kitandani. Usiniandikie ahadi ya mvua."

Akanijibu kwa upole, na upole ule ndio unaoniuma, "Mzee wangu, hii ni lugha ya biashara tu. Hakuna atakayekudai mvua."

Binti yangu akanitazama, nami nikanyamaza. Mimi ndiye baba pale. Neno langu lingetosha. Kwa hiyo sijitoi. Kwenye hesabu ya wenye makosa nianzieni mimi.

Barua ya kwanza kabisa, yenye picha yake ya shela na jina lake chini, aliituma kwa mama yake, kujaribu. Tulikuwa nyumbani, mke wangu anachambua mchicha, simu yake ikalia. Akavaa miwani, akasoma polepole. "Shikamoo Mama. Siku yako kubwa inakaribia. Mvua inyeshe, jua liwake, siku yako tutafika." Akaivua miwani.

"Siku yangu kubwa ipi hiyo?"

"Harusi yako, mama," binti yangu akasema.

"Na baba yako ameshaambiwa, au na yeye atapelekewa barua?"

Tukacheka mpaka mchicha ukamwagika. Mke wangu akamwambia, "Marahaba basi, umeniamkia vizuri." Na kuanzia hapo kila barua ya mtambo ilipoingia, hata akiwa peke yake jikoni, alikuwa anaitikia marahaba, ni mchezo wao.

Sitasema uongo kwamba haikuleta wateja. Ilileta. Walianza kuandika watu wa mbali, wenye asili ya Kilosa wanaotaka kufungia ndoa nyumbani, wengine wanataka picha Mikumi wakiwa na tembo nyuma. Binti yangu alikuwa anasoma majibu kwa sauti kule studio kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Mimi nikaanza kuacha kwenda kwenye vikao. Albamu yangu ikakaa rafuni ikashika vumbi. Nilisema labda mtoto anajua zaidi.

Ndipo ikaja harusi ya Mikumi, mwezi wa nne, masika yamekolea. Bwana na bibi harusi walitoka Dar, walitupata kwa barua. Hatukuwahi kuwaona. Mambo yao yote yaliendeshwa na mratibu, dada mmoja mwenye sauti ya redio. Huyu ni wa pili ninayemtaja.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua haikukata. Asubuhi nilitazama mlima, sikuuona. Nikamwambia binti yangu ampigie mratibu, amwombe saa mbili tatu maji yapungue, au watafute mtu wa palepale Mikumi aanze, sisi tufuate. Akampigia, akaweka sauti kubwa na mimi nisikie.

"Mdogo wangu," mratibu alisema, "mimi ninayo barua yenu hapa mkononi. Mmeandika wenyewe mvua inyeshe. Nikusomee?"

"Dada, barabara ya huku ina makorongo, likijaa moja tu..."

"Nikusomee?"

Binti yangu akaisogeza simu karibu na mdomo, mratibu akamwahi.

"Bibi harusi anapambwa sasa hivi. Ndoa ni moja tu maishani. Mkishindwa, nitawaandika huko mtandaoni kila mtu ajue ahadi yenu."

Simu ikakatwa. Binti yangu akaanza kufunga kamera kwenye mifuko ya nailoni. Nilimwambia aache. Akasema, "Baba, tumeahidi, na jina lililo chini ni langu."

Tulikodi gari dogo. Tulikwenda vizuri mpaka tukafika kwenye korongo moja ambalo kiangazi ni mchanga mtupu na watoto huchezea mpira humo. Siku ile lilikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda upesi, hayana kelele sana. Dereva akazima gari. Akasema yeye havuki, na gari lake halivuki. Mtu mzima yule alisema kweli, na sina la kumlaumu.

Upande wa pili tuliona pikipiki zimesimama, vijana wanangoja abiria. Binti yangu akasema tuvuke kwa miguu, tuchukue pikipiki. Maji yalikuwa ya magoti. Mbele yetu mama mmoja mwenye kikapu alikuwa amevuka tukimwona. Nikalipandisha begi la kamera begani, mkono wa kushoto nikalishika mkanda, mkono wa kulia nikamshika mwanangu.

Katikati maji yalipanda. Yalipanda kwa mara moja, kama mtu aliyefungua mlango huko juu. Likaja gogo, likanipiga goti. Niliona mbingu, nikaona tope, nikasikia vijana wa pikipiki wanapiga kelele. Nilishikwa shati, nikaburutwa juu ya mawe.

Nilipofumbua macho nilikuwa nimelishika begi.

Wamenihoji wengi, wa serikali na wa familia, na wote nimewaambia gogo lilinipiga. Ni kweli lilinipiga. Lakini nilikuwa na mikono miwili, na uliobaki na kitu ni wa begi. Vidole vile vile ambavyo mashine inasema havipo. Najiuliza kama vingekuwa na ngozi ya kawaida, yenye mistari, vingemkamata. Mke wangu anasema nisiwaze hivyo. Nawaza.

Walimpata jioni, chini huko, kwenye mashamba ya mpunga. Simu zote alikuwa nazo yeye, yake na ya kazi. Hazikupatikana.

Kamati iliyomfanyia harusi ndiyo iliyomfanyia msiba. Kwetu ndivyo ilivyo. Mwenyekiti yule yule, katibu yule yule, daftari jipya tu. Kwa hiyo siku ya arobaini watu waliokaa chini ya turubai walikuwa ndio wale wale aliowaandika kwenye mtambo kwa mkono wake. Wewe kijana wa Morogoro ulisema tuanze na watu tunaowafahamu. Tulianza nao. Na mtambo wako, ulivyopangwa, ukawatafuta wote siku moja saa moja, ukawakuta wamekaa pamoja wanamsomea dua.

Mkwe wangu nilimweleza yote jioni ile, nikamwapia. Aliniamini. Alisema, "Basi baba, tuizime tu." Tulidhani ni jambo la kuzima.

Yeye mwenyewe alikaa na kompyuta ya shule, akafika mlangoni mwa ule mtambo. Mtambo ukasema utatuma tarakimu sita kwenye namba ya simu ya mwenye akaunti. Namba hiyo ni laini ya kazi. Laini iko kwenye tope. Nikaenda kuomba irudishwe. Wakaniambia kwa adabu kwamba imesajiliwa kwa alama za vidole za marehemu, sharti vidole hivyo, au nifuate taratibu za mirathi. Nikawaonyesha vyangu. Tukarudi kulekule, haupo.

Nikampigia kijana wa semina. Mara ya kwanza alipokea.

"Pole sana mzee wangu. Nimesikitika kweli."

"Ahsante. Nakuomba uizime barua."

"Mzee, mimi sina uwezo huo. Ile ni akaunti ya marehemu. Mimi nilifundisha tu. Zile tarakimu zinakwenda kwake."

"Huna njia yoyote?"

"Wallahi sina, mzee wangu."

Alitaja jina la Mungu. Baada ya hapo nikimpigia haipokelewi.

Mwezi uliofuata barua ikaja tena. Picha ile ile, ahadi ile ile. Watu wa mtaani walianza kunikwepa, maana wengine walidhani mzee amechanganyikiwa, anatafuta wateja kwa sura ya maiti. Mwalimu mstaafu alikuja nyumbani kwa heshima, akaniuliza kama nahitaji msaada wowote. Mimi kwa hasira nilitaka kumweleza mke wangu aifute kwenye simu yake. Nilipoingia jikoni nilimkuta amekaa kwenye kigoda, miwani machoni, simu mapajani.

"Marahaba, mwanangu," alikuwa anasema. "Marahaba."

Nikarudi kinyumenyume. Nikatoka.

Tangu hapo nilikuwa na mambo mawili yanayopigana ndani yangu. Mimi nilitaka barua ife. Yeye alikuwa anaingoja. Aliijua siku yake, akawa anaichaji simu mapema. Hakuwa mwendawazimu, alijua fika ni mtambo. Aliniambia mwenyewe, "Najua si yeye. Lakini maneno aliyaandika yeye." Nikaona basi, labda niache. Labda itakuja mpaka itakapochoka, tuzoee kama tulivyozoea kitanda chake kitupu.

Barua ya mwezi wa tatu baada ya arobaini haikuwa ile.

Picha ilikuwa ile ile, shela, tope, mwavuli uliogeuka. Ahadi ile ile. Lakini juu paliandikwa Ndugu mteja. Shikamoo Mama haikuwepo. Na chini jina la mwanangu lilikuwa limeondolewa, mahali pake pamewekwa namba ya simu nisiyoijua. Mke wangu aliniletea simu, akaelekeza kidole pale juu. Kisha akakaa chini akalia kama siku ya kwanza.

Niliipiga namba ile. Akapokea mtu.

"Karibu, karibu, harusi lini?"

Sauti niliijua. Ni yule jamaa mnene wa Mikumi.

Nikajitambulisha. Akaanza kunipa pole nyingi. Nikamwuliza picha ameipata wapi.

"Kaka, mimi nilipewa kifurushi kikiwa tayari. Majina, picha, maneno, kila kitu. Na yule yule kijana wa semina. Alisema kuna mlolongo umelala hauna mwenyewe, unafanya vizuri, ni kuubadilisha jina tu."

"Na msichana aliye kwenye picha hukumjua?"

"Kaka, na lile shela... Nilidhani ni bibi harusi wa mtandaoni tu."

"Alikupa chaja yake."

Akasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Kwa hiyo sasa najua, na wewe kijana unajua kwamba najua. Tarakimu sita zilikuwa hazikuzuii. Ulikuwa na mlango wako wa nyuma tangu siku ya semina, pengine ulijiandikia neno lake la siri wakati binti yangu anajaza majina kwa unyenyekevu. Uliniapia kwa Mungu huna uwezo, na uwezo ulikuwa kwenye mkono ulioshikia simu. Mkono ulioweza kubadilisha ungeweza kuzima. Ungeizima siku niliyokupigia, miezi ya baada ya arobaini ingetupita kama inavyowapita wafiwa wengine. Hukuzima, kwa sababu mlolongo ulikuwa unafanya vizuri.

Mratibu mwenye sauti ya redio, wewe barua unayo bado. Nasikia harusi ile ilipigwa picha kwa simu na ikafana. Sikudai kitu, ila siku moja useme mbele ya mtu kwamba uliambiwa habari ya korongo. Na wewe jamaa mnene, umeshaitoa picha baada ya mkwe wangu kukufuata mpaka Mikumi. Haya. Ulichelewa, lakini umeitoa.

Aliyebaki ni wewe kijana. Kwako sitafuti fidia na sitaki unitumie barua ya kuomba radhi. Nataka uje kwa miguu yako. Mabwerebwere si mbali, barabara ya kutoka Morogoro haina shida, na nitakuruhusu uchague siku isiyo na mvua. Njoo mchana, mke wangu atakuwepo, mkwe wangu nitamwita kutoka Malolo. Utatuamkia, tutakuitikia, tutakupa kiti. Kisha ukae umtazame mama wa mwanangu usoni, umweleze jambo moja tu, ambalo mimi nimeshindwa kumjibu. Ile siku ulipofungua mtambo, ukafika kwenye jina lake, ukakuta pameandikwa Shikamoo Mama, ukajua ni nani aliyeandika na ni nani anayeamkiwa. Kwa nini ulifuta salamu, ukaiacha sura?